Mashavu ya Samoni wa Kwanza

Mtoni, 4 Juni 1968

Delphine mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila magoti haya na mvua hii havipatani. Baba yako anaendeleaje tangu atoke hospitali aje kwako? Usiniandikie "ana nafuu", sitaki kulisikia neno hilo. Niambie anakula nini.

Shangazi yako Verna anakuja huko kuuza vikapu vyake. Nimempa gunia. Mna samoni wa kwanza wa mwaka huu, mzima na kichwa chake, kwenye barafu, na mbao tatu za mwerezi. Si daktari kakataza chumvi na mafuta? Basi mapishi yetu ndiyo dawa. Loweka ubao kwa muda wa saa mbili, mlaze samaki ngozi chini, weka juu ya makaa, funika. Usimgeuzegeuze kama mkate wa kukaanga, nakujua wewe.

Mifupa yote mpe Verna airudishe, usitupe hata mmoja. Samaki wa kwanza lazima arudi mtoni kwao. Na mashavu usithubutu kuyaonja, yana mwenyewe.

Ni mimi mama yako.

Seattle, 8 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na Baba hajambo. Mzigo umefika salama, barafu hata haijayeyuka yote.

Baba kala, Mama! Kala mpaka nikamwambia apumzike. Nilifanya kama ulivyosema, ubao, makaa, nikafunika. Akasema, "Mama yako angesema umemuunguza." Sasa kalala. Mifupa nimeipanga kwenye kopo la biskuti, Verna anaondoka nayo kesho. Usiwe na wasiwasi.

Binti yako, Delphine

Mtoni, 11 Juni

Delphine,

Sina nguvu ya salamu. Nisamehe.

Asubuhi mjomba wako Clarence kaja kuniuliza nani kachukua vipande vyake vya mbao. Vipande gani? Vya gati la zamani, anasema, kavichonga upya vya kufungia dirisha la banda. Nikaenda nyuma ya jiko. Mbao zangu zipo, Delphine. Zote tatu, pale pale nilipoziweka. Niliharakisha, basi la Verna lilikuwa linapiga honi, nikachomoa mbao kwenye gunia la Clarence nikazitia pamoja na samaki.

Mbao za gati zimelowa ile dawa nyeusi ya kuua wadudu wa baharini. Clarence alipozishika zamani mikono ilimchubuka wiki nzima. Na mimi nimempelekea mwenye moyo mbovu ale chakula kilichopikwa juu ya mbao hizo! Anatapika? Anapumua vizuri? Na wewe je, ulionja?

Simu ya dukani imekufa tangu upepo uangushe nguzo. Daraja la chini limefungwa, dereva wa basi anasema atazungukia mlimani, huenda akachelewa. Nampa barua hii mkononi. Mpeleke baba yako kwa daktari hata kama anagoma. Hizo mbao usizichome, moshi wake nao ni sumu.

Kopo la mifupa liko mezani. Sijathubutu kulifungua. Ninaogopa, mwanangu. Miaka thelathini na tano nampikia, na sasa ndio haya.

Mama yako

Seattle, 13 Juni

Mama,

Tulia kwanza. Hakuna aliyekula sumu. Mbao ulizotuma hazikuguswa na moto.

Nilipoziloweka, maji yalifanya utando wa mafuta. Baba akanusa kutoka kitandani, akasema, "Huo si mwerezi wa mama yako. Hilo ni gati la Clarence." Akacheka, ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka. Nikambanika samaki kwenye waya tu.

Lakini nilikudanganya, Mama. Baba hakula. Tulikula mimi na mama jirani, tukakukusanyia mifupa. Kichwa na mashavu yake nilimwekea kando ya kitanda siku nzima, hakuyagusa, nikakitia koponi. Tangu aje anakunywa chai, na mchuzi vijiko viwili nikimbembeleza sana. Kaniapisha nisikuambie. Anasema ukijua utauacha mto wakati samaki ndio wanapanda, na nani atawapokea? Daktari anasema asipokula wiki hii anamrudisha wodini, na safari hii hakunitazama usoni akisema hivyo.

Naogopa, Mama. Sijui nimwambie nini.

Delphine

Mtoni, 15 Juni

Delphine mwanangu,

Barua yako imefika mchana huu. Lakini nilikwisha jua.

Juzi nilijikaza nikafungua kopo. Kichwa kilikuwa na mashavu yote mawili, yamekauka, mazima. Nikakaa chini, sakafuni kabisa. Huyu mtu alinitolea posa akiwa na shavu la samoni mdomoni! Hajawahi kumwachia mtu, hata wewe ulipokuwa mdogo ukilia. Hapo nikajua hakula, sumu haikumfikia, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa sumu.

Mifupa nimeirudisha mtoni, yote. Samaki watapokelewa na Clarence, aache kulilia dirisha lake.

Mbao zangu zinaloweka kwenye ndoo, nitazibeba hivyo hivyo mbichi. Jana tulivua samaki saba. Nimekata mashavu yote, kumi na manne, yako kwenye barafu. Nakuja na basi la keshokutwa, njia ya mlimani. Washa makaa saa kumi.

Mwambie baba yako nimekasirika. Mwambie naogopa pia, ajue. Asithubutu kwenda popote kabla sijafika.

Mama yako