Skii Nyepesi za Njeri

Baba Njeri,

Natumai kikohozi kimepungua. Huku Johannesburg baridi ni kavu, midomo imenipasuka, na miguu imekataa kwa kuzungushwa madukani na binti yako. Alikuwa akitafuta skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, aende nazo milima ya Lesotho. Anataka jozi moja tu ifanye kazi zote mbili: ya kushukia pale penye mashine ya kupandisha watu, na ya kupandia mwenyewe pasipo na mashine. Mimi nilishikilia zile nzito, maana muuzaji alisema hazitetemeki kwenye theluji ngumu, na mwaka jana mtoto alianguka akiteleza, akavunjika bega.

“Mama, na hizo nitafika juu nimechoka,” akaniambia. “Na aliyechoka ndiye huanguka.”

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kujaribia viatu, nimeshindwa kuinuka kwa uchovu. Nikamwelewa. Tukachukua nyepesi, zenye upana wa kumshikilia vizuri akishuka.

Anapanda Jumamosi. Sina nguvu ya kuogopa peke yangu, basi tuogope pamoja, wewe huko na mimi huku. Ujifunike vizuri usiku.

Mama Njeri wako