Matope ya Festus

Tuwan, Kitale

Kaka yangu Mukhwana,

Natumai huko Bungoma hamjambo na wifi amepata nafuu ya mgongo. Sisi tuko. Ng'ombe alizaa ndama jike, na maharagwe yamekauka vizuri.

Huyo ng'ombe aliokolewa na matete. Unakumbuka lile bwawa tulilochimba hapa chini, tukapanda matete yachuje maji machafu ya mtaa kabla hayajaingia mtoni. Kiangazi kilipozidi, watu waliomba kukata kidogo walishe mifugo, na kamati ya mtaa ikakubali. Baadaye wakaona kukata ni kazi, wakaingiza ng'ombe wenyewe. Wamekula mpaka mizizi na kukanyaga kila kitu. Sasa maji yanatoka vile yaliingia, meusi, yananuka.

Nasikia Agosti utamleta mwanao Festus atahiriwe, apakwe matope pale pale mtoni ulipopakwa wewe. Tafadhali mpeleke mto mwingine. Nilimwambia baba mdogo, akasema, "Si hata mimi nilipakwa hapo, na niko? Ati matope ya wazee sasa ni sumu?" Nikamshika mkono, nikampeleka akaone. Aliangalia, akafunika pua, akarudi kuandaa pombe ya busaa ya sherehe.

Najua mtakuja tu. Nitachemsha maji na kuweka sabuni kando, ingawa mtoto akishapakwa hakuna anayemwosha kabla ya kisu.

Ni mimi dada yako,
Nanjala