Mpira Ndani ya Kikombe

Ijumaa, 6 Novemba 1981

Bado hili gari la Kanti. Siku ya tisa leo. Pedali ya breki inazama mpaka chini, inarudi ikipenda. Nilidhani ni magurudumu ya nyuma, nikayafungua yote mawili. Makavu. Nikajiona mjinga. Kumbe ni pampu kuu ya breki, mpira wa ndani umeliwa, umekauka kama ukoko wa ugali.

Gari la mashindano la Kiingereza, kuukuu, viti viwili, limelala chini hata mbuzi analichungulia kwa juu. Kaka yake aliliacha alipohamia ng'ambo. Kanti anauza vitambaa, spana haijui, ila kwa gari hili usimguse. Mpira wake Shinyanga haupo. Mwanza haupo. Dar wanasema waagize Ulaya. Waagize kwa fedha gani, sabuni yenyewe tunapangia foleni!

Jumamosi, 7 Novemba

Nimepata! Landrova mbovu nyuma ya kiwanda cha pamba. Mlinzi kanipa ruhusa nifungue. Mipira minne mizima, saizi ileile. Miwili nimefunga, miwili nimeweka akiba.

Mafuta ya breki hakuna mjini. Dereva mmoja wa Ibadakuli kaniuzia kopo lisilo na karatasi. Kaapa kwa mama yake kwamba ni ya breki. Nimeyatia, gari likasimama. Harufu ilikuwa sawa. Nadhani.

Jumapili, 8 Novemba

Marehemu Kalasinga aliyenifundisha kazi alikuwa na amri moja. Mafuta usiyoyajua, tumbukiza mpira wa zamani kwenye kikombe cha mafuta hayo, ngoja siku tatu. Ukivimba, mwaga yote. Mpira uliovimba ndani ya pampu huziba njia, breki zinashika zenyewe, zinaungua, halafu ghafla huna breki. Nimetumbukiza leo asubuhi.

Kanti kaja mchana. Kesho anakwenda Geita dukani kwa shemeji yake. Nikamwambia ningependa angoje Jumatano. Akacheka. "Fundi, si umelijaribu mwenyewe? Si limesimama?" Kweli lilisimama. Sikumtajia kikombe. Tena nikamwomba kile kiti cha pili.

Kiti ni cha Kabula, binti yangu wa kwanza. Mimba ya miezi saba. Anakwenda kwa mumewe Kalangalala, hukohuko Geita, kuchukua vitu vyake, arudi Jumamosi na Kanti ajifungulie kwa mama yake. Basi lingemtikisa sana, ndivyo nilivyowaambia.

Jumatatu, 9 Novemba

Wameondoka saa moja asubuhi. Kabula kaingia kwa shida, tumbo linagusa magoti. Mama yake kacheka mpaka machozi.

Jumanne, 10 Novemba

Mpira umelainika kidogo. Kidogo tu. Labda ni vidole vyangu.

Jumatano, 11 Novemba

Umevimba.

Nimeutoa kwa kijiti. Mnene, unateleza kama ulimi. Nimeulinganisha na mwenzake, ni karibu mara moja na nusu. Nimeangusha kikombe.

Mbio posta. Simu ya Geita haishiki. Nimesimama pale saa tatu nzima. Karani ananiambia, "Mzee, rudi kesho." Kesho! Nafikiria kile kivuko cha kuvukia ziwa kwenda Geita. Gari linateremka mteremko kuingia kwenye pantoni, na mbele ni maji tu. Nimefikiria hilo siku nzima.

Mama Kabula kaniuliza mbona sili. Nimesema tumbo. Nimemdanganya mke wangu, naogopa hata kumtazama. Mpuuzi mimi. Siku tatu zilinishinda nini?

Alhamisi, 12 Novemba

Basi la alfajiri mpaka Mwanza, halafu lori la mkaa mpaka kivukoni. Mipira ya akiba ipo mfukoni, naishika kila saa.

Nikafika juu ya mteremko. Nikatafuta kijana wa kamba za pantoni, nikaogopa kumuuliza. Nikanunua muhindi wa kuchoma kwanza, nikautupa. Ndipo nikauliza: lile gari la chini chini, la milango miwili, lilipita?

"Lile lililokuwa linafuka moshi magurudumuni? Jumatatu. Lilitaka kutuua hapa!"

Nikauliza, yule mama mjamzito? Akawa ameshaitwa, kamba imetupwa. Nimevuka ziwa lote bila jibu. Nimesali sala zote ninazozijua, na nusu ya zile nisizozijua.

Ijumaa, 13 Novemba

Yuko hai. Yuko hai, Mungu wangu. Nimemkuta Kabula uani anamenya ndizi. "Shikamoo baba, mbona ghafla?" Nikakaa chini kwenye vumbi.

Kanti kaja kutoka dukani, ndiye kanisimulia, tena kwa kicheko. Kwenye mteremko abiria wa magari yote walishuka, ndiyo sheria ya kivuko. Kabula aliachwa ndani kwa sababu ya tumbo. Pedali ikazama. Kanti akavuta hendibreki, vijana wakasukumia gogo chini ya gurudumu. Hatua tatu kutoka majini. Breki zilipopoa zikarudi kidogo, wakaja mpaka Geita mwendo wa konokono. "Fundi, hendibreki yako imetuokoa!" ananiambia mbele ya kila anayepita. Nilitaka ardhi inimeze.

Kabula alingoja Kanti aondoke. Alikuwa akinioshea vile vikombe vya kupimia mafuta akiwa mdogo, amri ya siku tatu anaijua. Akauliza tu, "Baba, kikombe kilikuwa na siku ngapi?"

Nikasema moja.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumenya ndizi. Bora angenitukana.

Jumamosi, 14 Novemba

Nimemwambia Kanti ukweli. Kicheko kilimwisha. Nimeosha mirija yote kwa spiriti, nimefunga ile mipira ya akiba. Mganga wa zahanati kanipa mafuta ya nyonyo, yale ya kuharisha. Kalasinga alikuwa akiyachanganya na spiriti wakati wa vita, yalifanya kazi. Nimechanganya vivyo hivyo, mpira umo kikombeni. Kanti anataka kuondoka leo. Nimekaa na ufunguo mfukoni. Atanipiga anipige.

Jumanne, 17 Novemba

Siku tatu kamili. Mpira haukubadilika hata kidogo. Nimepima mara nne, ndipo nikayatia mafuta kwenye breki. Nimelishusha gari kilima cha Kalangalala peke yangu mara sita, limesimama kila mara.

Nikamwonyesha Kabula kikombe. Akautazama mpira, akaugusa. "Umefanya vizuri, baba." Kwa upole kabisa.

Halafu akamwita mumewe ambebee mzigo stendi. Kasema atakuja na basi.

Nimerudi na Kanti, kwenye kile kiti cha pili. Breki zilikuwa nzuri njia nzima.