Marahaba Niliyoijibu kwa Jina Lako

Baba yangu,

Shikamoo. Najua haitajibiwa, ila nisingeweza kuanza bila kukuamkia.

Imepita miezi mitatu tangu tukuzike hapa Mgwashi. Mama hajambo, ingawa bado anakupakulia ugali halafu anakumbuka. Na kampuni yetu ya Uingereza imesajiliwa, Baba! Cheti kiliingia kwenye simu yangu siku ya arobaini yako, watu wangali uani wanakula pilau. Wakurugenzi wawili: wewe na mimi. Nilijifungia chumbani nikalia mpaka shangazi akaja kugonga.

Unakumbuka tulivyoanza? Mnunuzi wa kule aliipenda chai yetu, lakini akataka kuinunua kutoka kwa kampuni iliyosajiliwa kwao. Nikakueleza kwamba dhima ya kampuni hiyo ina ukomo, kwamba ikianguka hawaji kuchukua shamba. Ukacheka. "Kwa hiyo ikifa, mimi sizikwi nayo?" Hatukuuliza itakuwaje ukitangulia wewe.

Siku ya kuthibitisha sura zetu kwa video ulivaa koti na kofia, tukaenda Lushoto mjini kufuata mtandao. Wakala wetu wa kusajili kampuni, kijana wa Kiingereza, akakuita jina kavukavu na kukuomba ugeuze uso kushoto. Hukugeuka. "Huyu mtoto mbona haniamkii?" Muda ukaisha, tukarudi mikono mitupu, na njia nzima nilikununia. Ikabidi nimwandikie nimfundishe. Mara ya pili akasema, "Shikamoo, Mzee," kwa ulimi mzito, nawe ukachangamka: "Marahaba mwanangu, wazazi hawajambo?" Uligeuza uso pande zote hata kabla hujaambiwa.

Baba, yule kijana hajui kwamba umekufa. Anakuandikia kwenye ile barua pepe niliyokufungulia, na kila ujumbe unaanza na shikamoo. Jumbe nne za kwanza nilizifungua nikazifunga. Lakini nyumbani kwetu nani anaacha shikamoo ining'inie? Nikawa naisikia shambani, naisikia nikiteka maji. Wa tano ulikuuliza kama unakubali kuendelea na ukurugenzi. Sikusoma mpaka huko, wallahi. Niliiona shikamoo tu, mkono ukaandika "Marahaba" na kutuma.

Akashukuru kwamba umekubali. Tangu hapo uko kule kwenye hati zao, mzima, unaridhia mambo. Niliogopa kusema kweli kwa sababu mnunuzi anasubiri, na majirani wameniamini na chai yao. Ila kila nilipofunga macho nilikuona umesimama mlangoni na koti lako, huingii wala hutoki. Ijumaa mbili sikuja kaburini. Niliona haya.

Asubuhi hii nimemwandikia wakala. Nimesema umefariki, na ile marahaba ilikuwa yangu. Huenda kampuni ikasimamishwa, huenda mnunuzi akaenda kwa wengine. Majirani nimewaambia pia. Mmoja alibeba kiroba chake cha chai akaondoka bila kuaga. Mama akasema, "Mwache baba yako apumzike."

Pumzika, Baba. Mungu akupe nuru huko uliko. Kesho nitakuja kukusomea Yasini, na jina langu litabeba makosa yangu mwenyewe, nakuahidi. Yule kijana akikuamkia tena, nitamwambia, "Hayupo."

Binti yako,
Zaina