Miwani ya Maji na Goti la Mzee

Jumanne, tarehe 3 Juni

Basi miwani ile tukairudisha dukani. Nilishasema haitanikaa. Mzee, mume wangu, ndiye aliyeichagua, kwa rangi tu, kama anachagua turubai la lile lori lake. Eti ya njano inaonekana mbali. Ionekane na nani, huko chini ya maji?

Andika, mkwe wangu, usicheke. Wewe na kazi yako ya kufundisha watu kuogelea ndio mliotuingiza humu. Daktari kasema goti la mzee lifanyiwe mazoezi majini, la sivyo litapasuliwa. Na umri ule, ukishapasuliwa, kutembea tena ni majaliwa. Ukampeleka bwawani. Siku moja tu, akasusa — hawezi kuzungushwa kama sukari kwenye kikombe. Ndipo ukasema, basi twende baharini. Avae miwani na mrija wa kupumulia, alale kifudifudi atazame samaki, miguu itajipigia yenyewe. Akakubali upesi. Ila akaongeza: naingia akiingia na bibi huyu.

Mimi! Mimi ambaye hata maji ya kunawa uso nayafumbia macho. Alijua nitakataa. Yule nimekaa naye tangu ana nywele, chocho zake zote za kukwepea nazijua. Nikasema, haya, naingia. Akanywea.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Dukani tena. Mwenye duka ni mama mmoja mnene, hana haraka. Kasema mkanda usifungwe kwanza. Weka miwani usoni, vuta pumzi kwa pua, achia mkono. Ikishika ni yako, ikianguka ya mwenzio.

Ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikaanguka. Mzee akadakia: uso huo haushikiki, mwenzenu nimejaribu miaka mingi.

Mwenye duka akanitazama, akasema, mama, kilemba. Kumbe ukingo wa nguo unaingia chini ya mpira, hewa inapita. Wanasema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge — mimi hata kilemba sijavua! Nikakisogeza nyuma. Bado. Akanigusa shavu, kidole kikateleza. Mafuta. Nilijipaka kama bibi harusi, nakwenda kununua miwani. Nikajifuta. Ikanasa! Nikasimama mikono chini, miwani iko usoni, na mzee anaona. Raha niliyoiona, wacha tu.

Mapezi, mimi nayaita viatu vya bata, mzee alitaka makubwa. Nikamwuliza, unangoja miguu ikue? Yawe kama kiatu chako, yasibane, yasipwaye. Mrija tukachukua ule wa kawaida. Ile yenye vidude vingi mwenye duka mwenyewe hakuisifu, kasema mwanafunzi haanzi na vidude.

Kumbe mrija unaumwa kwa meno. Niume na nini? Meno yangu yanakaa kwenye bilauri, yanatoka kwa harusi tu. Mzee alicheka mpaka akashika kaunta.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Leo mazoezi, uani, kwenye karai. Na meno.

Wewe mkwe ukaitemea mate miwani yangu. Nikakugombeza, ukasema ni dawa ya ukungu, kioo kisifubae. Haya. Basi nimetumbukiza uso kwenye mate ya mke wa mwanangu, na watu wanasema mawifi ndio shida.

Mara ya kwanza nilitoka hapohapo. Ya pili nikakaa. Unasikia pumzi yako mwenyewe, nzito, kama mtu kalala ubavuni. Niliogopa. Mzee kwenye kiti chake: umeona samaki? Nimeona kiraka cha karai, nikamjibu, njoo uone na wewe. Akasema goti linauma. Fimbo kaikumbatia kwa mikono miwili.

Basi, kumbe naye anaogopa. Sikumtania tena. Hilo andika, lakini usimsomee.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Tuko mchangani. Mkwe anaandika kwenye simu. Mzee katangulia na mwanangu, maji yamewafika kiunoni. Mimi nafunga kilemba vizuri. Nakifungua. Nakifunga tena. Mkwe kasema, mama, hicho kilemba leo kitaisha.

Sasa mzee kalala. Naona mgongo na mrija. Mwanangu alimshika, kisha kamwachia — miguu inapiga! Ule wa goti pia. Inarusha maji kama mtoto mtukutu.

Halafu fimbo hii hapa, mapajani kwangu. Alinipa nimshikie mara moja tu. Hakuiomba tena. Kaingiaje majini bila fimbo? Na mimi nilikuwa natazama wapi? Nafunga kilemba.

Huyo, kainuka. Ananiita. Mrija hajautoa mdomoni, kwa hiyo inatoka honi tu, kama ya lori lake. Ile honi naijua. Aliipiga nje kwa baba yangu kabla hata ya posa, na nilitoka.

Anapiga tena.

Shika fimbo, mkwe. Shika na kilemba. Meno ninayo? Ninayo. Nakuja, mwanamume wee, nakuja —