Mwenye Tabasamu Ndiye Aliyeikata Laini Yangu

Alhamisi, Novemba 2016, Juba

Jua la leo limenipiga hadi kichwa kinagonga, lakini hasira hii si ya jua. Naandika kwenye kompyuta ya duka la fotokopi ninakofanya kazi, hapa Hai Cinema, kabla jenereta haijazimwa.

Simu yangu ilikuwa inakufa. Betri imevimba kama andazi, inazima yenyewe bila kuaga. Kwa mtu mwingine hiyo ni kero tu. Kwangu ni hofu, kwa sababu ya Wani.

Wani ni kaka yangu. Tangu akimbie mapigano ya Julai hana simu. Anaazima ya mtu akiipata, anapiga, anasema yuko hai, kisha inakatika. Nikiipigia namba ile baadaye, mwenye simu ameshakwenda zake. Mara ya mwisho alikuwa porini upande wa Yei. Namba yangu ndiyo pekee aliyo nayo kichwani.

Kwa hiyo nilitaka simu inayokaa na chaji, laini yangu ikiwa ndani. Hilo tu.

Nilianza na duka la simu lenye vioo, hapa hapa Hai Cinema. Dada wa kaunta alikuwa anatafuna chingamu, akaanza kwa kutazama viatu vyangu. Mwanamume mwenye funguo za gari mkononi aliingia nyuma yangu, akahudumiwa mbele yangu. Mimi pia nahudumia watu kutwa nzima, na hata anayetaka fotokopi ya karatasi moja namsalimia! Zamu yangu ilipofika aliichomoa laini, akaigeuza, akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Wewe chukua hii ndogo ya tochi. Hiyo kadi yako ni ya zamani, mtu akikata inakufa. Kama hutaki, pisha watu."

Simu ya tochi! Nilitoka nimefura. Njiani nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwanika kwenye blogu hii.

Nikaenda duka jingine, mtaa wa Gudele, huko mambo yakawa mengine kabisa. Muuzaji alisimama nilipoingia. Akanipa kiti mbele ya feni na maji baridi. "Karibu dada yangu, keti kwanza upoe." Aliposikia mimi na kaka yangu tulikulia Arua, Uganda, akasema mke wake naye katoka huko, akaniuliza habari za wazee. Nakiri nililewa. Miezi hii mtu akikuuliza habari zako na kungoja jibu, unaweza kununua duka zima.

Simu niliyoichagua ilikuwa na kitundu kidogo, laini yangu haikuingia. Nikamwambia alivyosema yule dada wa Hai Cinema. Akacheka.

"Mafi mushkila! Hakuna shida, hizo tunakata kila siku."

Mkasi ulikuwa tayari mkononi. Nilitaka kumwambia angoje, na sikusema. Niliona aibu kumtilia shaka mtu aliyenipa maji.

Akakata huku akiendelea na hadithi za Arua. Mkasi ukapita juu ya ile sehemu ya dhahabu. Simu ikawaka vizuri, kioo kikang'aa, ikaandika kwamba haina laini. Akaitoa, akaifuta kwa shati, akaipuliza, akairudisha. Akarudia tena. Hadithi za Arua zikaisha.

"Malesh, dada, samahani sana. Lakini nakupa laini mpya bure, iko na bonasi ya wiki nzima."

Bonasi! Nimpigie nani?

Sasa nimwanike nani hapa? Yule aliyenidharau aliniambia ukweli. Huyu aliyeniheshimu ameniua. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, niliwapima kwa kiti na maji baridi. Nimejikasirikia kuliko ninavyowakasirikia wao.

Nilikwenda hadi ofisi ya kampuni ya simu yenyewe. Mama wa dirishani alisema namba inarudishwa kwenye kadi mpya, si kazi kubwa. Nikapumua. Akabonyeza kompyuta yake, kisha akaniuliza Wani ni nani.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Tuliporudi kutoka Uganda sikuwa na kitambulisho bado, kwa hiyo Wani ndiye aliyeninunulia laini na kuisajili kwa jina lake.

"Basi hakuna shida," akasema yule mama. "Mwambie Wani aje mwenyewe."

Nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa pole ya kweli, macho yake nayo yakalainika. Halafu akasema sheria ni hiyo, mwenye jina lazima afike. Kesho nitakuwa kwenye mlango ule kabla hawajafungua, na sitaondoka hadi nionane na mkubwa wao. Sijui nitamwambia nini ambacho sijamwambia yule mama.

Jioni hii nimeazima simu ya mwenye duka, nikajipigia. Akapokea yule mwanamke wa kwenye mtambo, mpole kuliko wote walionihudumia leo. Akaniambia kwa sauti ya asali kwamba namba niliyopiga haipatikani.

Wani akipiga, huyo ndiye atakayempokea.