Sailensa ya Subaru ya Moreen

Makindye, Kampala
9 Februari 2025

Mpwa wangu Moreen,

Pokea salamu za mjomba wako, mtu ambaye Kampala hii hakuna Subaru inayothubutu kunguruma kabla yeye hajatikisa kichwa. Mimi ni mzima kama chuma. Huko Malaba je, kifua cha mama yako kimepona?

Gari ulilonitumia nikubadilishie sailensa ya ekzosi liko uani kwangu. Jana nilipoingia gereji za Bugolobi, mafundi waliangusha spana. Nikasema: leteni sailensa zote! Ya kwanza inakohoa kama mgonjwa wa pumu, nikaitupa. Ya pili inanong'ona, ya kupelekea padri kanisani. Lakini ya tatu! Ukikanyaga mafuta ukaachia ghafla, inalipuka pa! pa! pa! Mbuzi wa jirani alizaa palepale. Hiyo ndiyo yako. Fundi Zubairi atakuja kulichukua gari, aifunge, kisha anirudishie nyumbani.

Mjomba wako,
Khaemba

Malaba, 14 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Habari za siku? Mama hakohoi tena, anakusalimu sana.

Mjomba, nakuomba, chukua hiyo ya padri. Nataka gari la kuendea kazini, sitaki vita. Tena jirani yako, mzee Oryem, yule mwanajeshi mstaafu, si wewe mwenyewe uliniambia mlango ukibamizwa anaingia chini ya kitanda? Usiilipue karibu naye, tafadhali.

Mpwa wako,
Moreen

Makindye, 2 Machi 2025

Mpwa,

Hujambo? Mimi nashukuru Mungu napumua. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una nyuzi kumi na nane.

Majambazi walinivamia uani, tisa! Wa kwanza nilimng'oa meno kwa ngumi moja. Wa pili nilimbamiza ukutani, ukuta ukapata ufa. Kiongozi wao akafyatua risasi tatu, zote nikazikwepa, ndipo akanikata mkono kwa panga. Damu ilifika getini. Vioo vya gari lako, bambi, pole, vimekwisha. Lakini tulia, polisi nimewaeleza yote, bunduki na kila kitu, na kiongozi yuko ndani.

Mjomba wako shujaa,
Khaemba

Malaba, 5 Machi 2025

Mjomba,

Pole kwa mkono. Mama amelia.

Lakini Bi Alanyo, mke wa mzee Oryem, amenipigia simu. Huyo "kiongozi" ni mumewe! Anasema hakukuwa na jambazi hata mmoja, na risasi zako zilitoka kwenye sailensa. Mjomba, wizi wa kutumia bunduki! Kesi kama hiyo mzee wa watu atafia gerezani. Nenda ukaseme ukweli. Ukikataa, usiniandikie tena.

Moreen

Makindye, 12 Machi 2025

Mpwa wangu Moreen,

Natumaini wewe na mama yako hamjambo. Mkono wangu bado unanuka dawa.

Nilikwenda polisi. Oryem yuko nyumbani tangu jana. La mkono nimemsamehe, na nikikueleza utajua kwa nini.

Niliwasha gari uani, nikakanyaga, nikaachia. Pa! Nikacheka. Nikarudia. Pa! pa! Oryem akaruka ua na panga la kufyekea, hana viatu, ananitazama na hanioni. Akapiga kioo cha mbele, vipande vikanijaa mdomoni. Analia kwa Kiacholi, watoto walale chini, walale chini! Mimi kwa woga mguu unanitetemeka juu ya mafuta, gari linalipuka tena, na kila likilipuka anakata tena. Alikata paa. Alikata mlango. Akakata mkono wangu mpaka nikauona mfupa wangu mwenyewe, mweupe. Alanyo ndiye aliyemrukia mgongoni, akamwuma sikio hadi likatoka damu, wakaanguka wote wawili. Kisha Alanyo akachomoa ufunguo wa gari.

Injini ikazima. Oryem akaniangalia, akauliza, "Khaemba, ndugu yangu, nani amekufanya hivi?"

Nami nikaenda kusema ni majambazi, kwa sababu polisi waliuliza na watu walikuwa wanasikiliza.

Safari hii, nilipokwenda na ukweli, afande, mwanamke mkali, hakuniamini. "Mzee, familia ya Oryem imekutisha?"

"Hapana, afande. Bunduki haikuwapo."

"Ulikuwa kwenye usukani?"

"Ndiyo."

"Injini inawaka, geti wazi?"

"Ndiyo, afande."

"Mtu anakuvunjia vioo kimoja kimoja na wewe umekaa tu ndani ya Subaru? Kama hakukuelekezea bunduki, mbona hukuondoka? Nieleze hilo, la sivyo huyu anakwenda mahakamani kesho."

Zubairi fundi alikuwapo. Vijana wa bodaboda wamejaa mlangoni. Oryem ameketi sakafuni, ameinamisha kichwa, na Alanyo amenikazia macho. Nilitafuta uongo, mpwa, nikaukosa.

Nikasema, "Afande, mimi sijui kuendesha gari."

Mjomba wako,
Khaemba